Mama Mkwe wa Chamazi

Mimi ni mtu mbaya wa televisheni, na kazi hiyo naipenda. Katika tamthilia yetu ya jioni mimi ndiye mama mkwe: namnyima mkwe wangu chakula, namchonganisha na mumewe, namtolea maneno ambayo hata kuyakariri tu kulinichosha roho. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kikundi cha sanaa cha mitaani. Tulizunguka mashuleni na viwanjani kuwahimiza watu walalie chandarua na wachemshe maji ya kunywa. Nimecheza mbu mimi. Nimecheza kipindupindu, nikiwa nimejifunga shuka la kijani. Basi nilipoitwa kwenye usaili, katika umri ambao wenzangu wanaitwa bibi, na nikapewa ile nafasi, nilijiapiza kwamba haitanitoka mkononi kwa uzembe wangu wala wa mtu mwingine yeyote.

Na niliifanya kwelikweli. Ukitaka kujua kama naifanya vizuri, nifuate sokoni Kinondoni ninakokaa. Kuna muuza samaki ambaye akiniona anafunika beseni lake. "Kwako wewe hamna," ananiambia, "kamuulize kwanza mkweo kama amekula." Saluni, mwanamke mmoja alihama kiti kwa sababu nimekaa cha jirani yake. Vijana wa bodaboda wananiamkia kwa adabu zote: "Shikamoo mchawi." Naitikia marahaba, naendelea na safari yangu, nikifika nyumbani nacheka peke yangu mpaka machozi. Mtu anayecheza ubaya akapendwa na mtaa mzima, ajue kazi yake ina kasoro.

Tunarekodi Kigamboni, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe haishi pale. Asubuhi moja prodyuza alitukusanya sebuleni kabla hatujapakwa poda. Ni mtu mpole, mdogo kwangu kwa mbali, ananiita mama hata kamera zikiwa zimezimwa. Siku hiyo upole aliuacha nyumbani. Alikuwa ameshika flashi ndogo nyekundu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu chooni.

"Hii hapa ni sisi," alisema. "Sehemu zote za mwezi uliopita. Nimeinunua mtaani kwa bei ya soda. Nimeona orodha tu, kuiangalia sina moyo."

Akatueleza jinsi inavyokwenda. Mtu yuko nyumbani kwake, anachomeka flashi kwenye king'amuzi, anarekodi jioni ile ile tunapoonyeshwa. Flashi inapita mkono kwa mkono, mwisho inaangukia kwenye vibanda vya kuwekea watu muvi na nyimbo. Jumamosi kituo kinaporudia sehemu zote za wiki, watu wameshaziona, hakuna anayekaa kuangalia. Na mdhamini wetu, mwenye sabuni, alikuwa anaitegemea hasa hiyo Jumamosi. Ameanza kununa. Mdhamini akiondoka, tamthilia imekwisha na sisi sote tumekwisha nayo.

"Na nasema mapema," prodyuza akaongeza. "Ikigundulika inatoka nyumbani kwa mmoja wetu, huyo mtu namwondoa kwenye hadithi. Anakufa kwa ajali, wiki hiyo hiyo."

Pembeni alikaa mwanasheria wa kampuni, mwanamume mwembamba aliyekuwa anahangaika na mto wa kochi. Mimi sipendi kutishwa na jambo nisilolielewa, kwa hiyo nilimuuliza.

"Baba, mtu akirekodi leo ili aangalie kesho, kwa kuwa leo yuko zamu, naye ni mwizi?"

"Hapana, mama. Akirekodi kwa ajili yake mwenyewe, nyumbani kwake, sheria haina ugomvi naye. Ugomvi unaanza akitoa nakala akampa mtu."

"Akimuuzia?"

"Akimuuzia ni kubaya zaidi. Lakini hata akitoa bure, kazi si yake hata aigawe."

"Mbona imeshapita hewani?" aliuliza kijana anayecheza mwanangu. "Hewa si ya wote?"

"Ikirushwa hewani umealikwa kuangalia," mwanasheria akamjibu. "Hujakabidhiwa."

Maneno hayo niliyapenda. Nina hasira za karibu, najijua, nikasimama katikati ya sebule na mkono kiunoni. "Huyo mtu nitamtafuta mwenyewe," nikasema. "Nikimpata namleta hapa mumwone kwa macho yenu." Watu wakapiga makofi. Dada wa mekapu akasema Mama Mkwe ameshaingia kazini kabla ya poda.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Chamazi kwa mama. Anakaa kwenye nyumba aliyoijenga baba kwa kuchonga vinyago, nyuma kidogo ya uwanja wa mpira. Kwa sababu ya kazi nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Nilikuwa nampigia simu, namlipia kifurushi cha king'amuzi ili aniangalie, na kumtumia mahitaji kwa watu. Safari hii nilitaka kufika mwenyewe. Nikashuka barabarani, nikapita gengeni kumchukulia nyanya na nazi, nikiwa nimejiandaa kutukanwa kama kawaida.

Mama wa genge aliponiona alitoka nyuma ya meza yake akanikumbatia.

"Pole jamani," akasema. "Pole sana mama'angu. Wanavyokuonea wale watoto!"

Nilidhani ananidhihaki. "Wananionea mimi?"

"Si wewe? Mwanamke mpole, unawapikia, unawamiminia chai, halafu yule mkweo anaondoka nyumbani bila hata kuaga. Mie nililia. Na wenzangu walilia."

"Mkwe wangu hakuondoka," nikamwambia. "Nilimfukuza. Na mimba yake. Nilimtupia nguo nje kwenye mvua."

Akacheka, akanipiga begani. "Nyie wasanii nyie! Hakuna kitu kama hicho, mie sijakosa hata siku moja." Akaniongezea nyanya tatu juu ya zangu na hakutaka nizilipie.

Nitasema ukweli: niliumia. Ile mvua ilikuwa ya mpira wa maji, tulilowa mchana kutwa, yule binti akapata mafua, na mimi sauti ilinikauka kwa kupiga kelele. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Na hapa Chamazi haikuwahi kutokea.

"Unaangalia kituo gani wewe?" nikamuuliza.

"Kituo? Mie jioni niko hapa gengeni. Naangalia kwa flashi, pale kibandani." Akaninyooshea kidole.

Kibanda kilikuwa cha baba mmoja wa makamo anayechaji simu za watu na kuwawekea nyimbo na muvi. Alinitambua, akafurahi, akafuta kiti kwa kitambaa. Wala hakuwa na wasiwasi. Kwake yeye nilikuwa mgeni wa heshima aliyekuja kuona kazi yake inavyopendwa. Nikamwomba aniwekee tamthilia yetu kwenye televisheni yake ndogo.

Nikajiona nimesimama mlangoni, mkwe wangu amepiga magoti. Siku ile naikumbuka vizuri. Tuliirudia mara nyingi mpaka shavu la yule binti likavimba kweli, nikamnunulia barafu. Pale kwenye televisheni ya kibanda nilinyanyua mkono. Picha ikaruka. Mkono haukushuka. Nikaonekana nimekaa mezani, namimina chai, uso umetulia kama mama wa kanisani.

"Weka nyingine," nikasema.

Akaweka. Ile sehemu ya mimi kumwita mkwe wangu tasa mbele ya wageni, kabla hajashika mimba, haikuwepo. Nilipomwaga uji wake, haikuwepo. Nilipomwapisha mwanangu kwa jina la marehemu baba yake, haikuwepo pia. Lakini shemeji yangu wa kwenye hadithi, mlevi na mpiga watu, yeye hakupunguziwa hata kofi moja. Vitu vyote vibaya vya nyumba ile vilikuwepo isipokuwa vyangu.

"Wateja wanalalamika inakatakatika," yule baba akasema kwa kujitetea. "Nikajua king'amuzi cha huko inakorekodiwa ni kibovu."

"Inarekodiwa wapi?"

"Sijui, mama. Inazunguka tu mtaani. Mie naletewa na fundi cherehani, naye anaazima kwa watu."

Sikuuliza zaidi. Nilisimama pale kibandani jua likinichoma shingo, na mfuko wa nyanya mkononi. Nani katika dunia hii anaweza kukaa na rimoti kila jioni, aiangalie tamthilia nzima kwa kuvizia, ili mimi tu nisionekane mbaya? Mtu huyo nilikuwa namjua. Nilikuwa nakwenda kwake kula chakula cha mchana.

Nilimkuta uani anatwanga kisamvu. Mama ametokea Newala na baba tangu wakiwa vijana, lakini kisamvu chake bado anakitwanga mwenyewe. Cha kusagwa sokoni anasema kina harufu ya mashine. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza mbona nimekonda, akaniambia nivue viatu nipumzike. Nilichungulia sebuleni. Flashi ilikuwa imechomekwa kwenye king'amuzi, imefungwa uzi wa bluu ili isipotee.

"Mama, unarekodi tamthilia yetu?"

"Narekodi." Wala hakusita. "Siku za mechi hapo uwanjani sisikii neno. Wakifunga goli kule, mie huku nakosa ulichosema. Mpangaji wangu akanionyesha vitufe. Hiki kurekodi, hiki kusimamisha, hiki kuendelea. Mbona rahisi."

"Na unawapa watu?"

"Nawaazima. Wengine ving'amuzi vimekatwa, wengine jioni wako kwenye biashara zao. Mtu aniombe amwone mwanangu, nimnyime?"

"Kuna mtu anaiuza pale barabarani."

Mchi ukasimama hewani. "Anaiuza nani?"

Nikamweleza. Ilibidi nimshike mkono, maana alitaka kwenda kibandani vile vile, na mchi wake. Yeye ametoa bure, kwa moyo wake, halafu mtu mzima anakaa kiti anakusanya hela! Nilimwacha hasira zishuke, ndipo nikamwambia habari za prodyuza, mdhamini wa sabuni, na mwanasheria. Nikamweleza sheria kama nilivyoelezwa, taratibu. Kurekodi akaangalia mwenyewe, sawa. Kumpa mtu, hapana, hata kwa kuazima.

Alifikiri. "Kwa hiyo wanataka nijifungie ndani niangalie peke yangu."

"Wanasema usigawe nakala."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nile nimefunga mlango. Mie sijalelewa hivyo, na wewe sikukulea hivyo. Nikipika kitu, sahani inakwenda kwa jirani. Leo nimejaliwa mtoto kwenye televisheni, jirani asionje?"

"Si chetu, mama. Ni cha kituo, ni cha kampuni."

"Na uso ule?" Akanigeukia. "Uso ule nimeuzaa mie. Walikuja lini kuniomba?"

Mkataba wangu una kurasa nyingi na nilizisoma zote, lakini hakuna hata moja iliyomtaja mama. Lakini sikwenda pale kushindwa. Nikachukua ungo wa mchele, nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Na mbona unakata?" nikamuuliza.

"Nakata nini?"

"Mama."

Akaanza tena kutwanga, polepole, bila kuniangalia. "Hawa ni majirani zangu," akasema. "Mie siku nikifa, watakaonizika ni hawa. Hao wa Kinondoni hawatakuja. Utakuja wewe hapa unalia, na hawa ndio watakaokushika mkono, wakutandikie mkeka, wakulazimishe unywe uji. Sasa wakujue kwa ile roho? Watamshika mkono nani? Mie nikaona bora wamjue mwanangu ninayemjua."

"Ni maigizo, mama. Kila mtu anajua ni maigizo."

"Mie mwenyewe najua. Lakini ukinyanyua ule mkono, na mie naogopa."

Maneno hayo nilistahili kuyafurahia kama mwigizaji. Niliyasikia kama mtoto, nikainama kwenye ungo nikachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Kisha nikamwambia lazima iishe, na iishe leo.

"Wakijua watakufukuza?" akauliza.

"Prodyuza alisema hivyo."

"Basi usiwaambie. Mie naacha, yameisha."

"Nitawaambia. Nilisimama mbele ya watu nikasema nikimpata namleta."

Akauweka mchi chini. "Unanileta mie? Haya. Nitavaa kitenge gani?"

Huyo ndiye mama yangu. Watu wakiniuliza ukaidi nimeutoa wapi, huwa nawacheka.

Sikumpeleka, lakini kesho yake nilivuka kwenda Kigamboni mapema kuliko wote. Nilimkuta prodyuza anakunywa chai amesimama. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba nikianza kuzunguka maneno sitafika, kwa hiyo hata salamu niliikata. "Mtu wako nimempata," nikasema. "Ni mama yangu mzazi. Haikutoka kwangu lakini imetoka kwa damu yangu, na king'amuzi nalipia mimi. Kama ni ajali, niandikie. Ila naomba isiwe ya gari, naogopa kulala barabarani."

Hakucheka. Akaweka kikombe chini. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye mkono usioshuka, aliuliza, "Anakata makofi tu, au na maneno?"

"Na maneno."

"Hata lile la uji?"

"Hata la uji."

Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Nilikuwa nimesimama wima kama askari. Ile nafasi niliitaka. Sikuwa tayari kurudi kucheza kipindupindu. Lakini kukaa kwenye ile sebule kila siku, napigiwa makofi kama mpelelezi huku najua ninachokijua, hilo nalo lisingewezekana.

"Hata nikikuua," akasema mwishoni, "Chamazi hawataamini. Watasema umesafiri." Hapo ndipo alipocheka, kidogo. Halafu akawa mkali tena. Kila nakala irudi. Kibanda kile kifute nakala zake, nikiwa nimesimama naona. Na ikitoka hata moja tena, hatauliza ni mama wa nani. Nikasema nimeelewa.

Sikuomba mtu yeyote anisaidie. Jioni hiyo hiyo nilikuwa Chamazi. Yule baba wa kibandani hakubisha sana. Alifuta mbele ya macho yangu, akaniuliza kama na tamthilia za watu wengine afute. Nikamwambia wenyewe wana miguu, watakuja, na siku hiyo hawatakuja na nyanya mkononi kama nilivyokuja mimi jana. Uso wake ulibadilika.

Za majirani ndizo zilikuwa kazi. Mama alikataa niende peke yangu. "Mie ndiye niliyetoa, mie ndiye nitakayedai," akasema, akajifunga kanga, tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango ni salamu, karibuni, kaeni, habari za kwenu, ndipo flashi itafutwe, iko kabatini, iko kwa shangazi, iko mfukoni mwa suruali iliyolowekwa. Na kwa kuwa kwa mama kitu humfikia jirani na sahani, flashi nazo zilirudi na sahani. Flashi moja ilikuja juu ya mihogo ya kuchemsha. Nyingine ilikuja na kipande cha papai. Fundi cherehani aliileta ya kwake imefungwa kwenye kitambaa kipya, akaomba radhi, akasema yeye alidhani kadri inavyoenea ndivyo ninavyozidi kupata jina. Nikamjibu kwamba jina nimepata, sasa natafuta kubaki nalo.

Lakini niliona nyuso zao. Tulikuwa tunawanyang'anya kitu, hata kama kwa adabu. Na mama, kila tulipotoka kwenye mlango, mgongo wake ulizidi kuinama. Tulipofika kwetu alizimimina zote mezani, akaketi, akasema, "Haya. Mtu mchoyo nimekuwa mie, uzeeni."

Nikatoka uani nikampigia mwanasheria. Nilimuuliza hivi: mama yangu akiweka televisheni barazani, saa ile ile tunayoonyeshwa, na majirani wakaja kukaa na kuangalia, hakuna kiingilio, hakuna flashi, je?

"Ni wageni wake nyumbani?" akauliza.

"Ni majirani zake."

"Wanaangalia kinachorushwa, basi?"

"Na wanakunywa chai."

"Sioni tatizo, mama. Wageni waangalie na wanywe chai."

Mama aliposikia alisimama hapo hapo akaanza kuhesabu mikeka.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo yeye hakulijua na mimi nililijua. Sehemu iliyokuwa inakuja jioni ya kwanza ya barazani ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kucheza. Mkwe wangu, ambaye mwanangu ameshamrudisha nyumbani, anapata habari kwamba mama yake mzazi amefariki. Analia, anaomba nauli, anaomba ruhusa. Mimi nafunga geti kwa kufuli, naweka ufunguo kifuani, namwambia haendi popote, wafu huzikwa na waliopo. Siku tuliyoirekodi hata mpiga picha alitoka nje. Kumzuia mtu asiende msibani kwa mama yake! Nilifikiri kumwambia mama aahirishe. Nikafikiri kumdanganya kwamba umeme utakatika. Mwisho nikakataa yote mawili. Kama majirani watanijua, wanijue wakiwa wameketi na mimi nimeketi nao. Nikabeba mandazi, nikaenda.

Walikuja wengi. Mama wa genge alifunga biashara mapema. Fundi cherehani alikuja na mkewe. Hata yule baba wa kibandani alikuja, akakaa mwisho kabisa karibu na ndoo, na mama akampelekea chai bila kumwangalia usoni. Uwanjani hakukuwa na mechi, kwa hiyo kila neno lilisikika. Mimi nilikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, magoti yamekunjwa. Mama alikaa kwenye kiti chake mbele, na rimoti mapajani.

Ikaja simu ya msiba. Mkwe wangu akaanguka chini. Wanawake wakasema "Uuu" kwa pamoja. Nikajiona natoka chumbani, kanga begani, kufuli mkononi.

Mama alijua kabla ya wote. Alikuwa ameshaniangalia jioni nyingi sana, hatua zangu alizijua. Akainua rimoti, akabonyeza. Picha ikaendelea. Akabonyeza tena, kwa kidole gumba, kwa nguvu, kitufe kile kile cha kusimamisha kurekodi, na flashi haikuwepo. Mimi kwenye televisheni nikafika getini.

Akasimama. Akaivua kanga yake ya juu, akaishika ncha mbili, akaitandaza mbele ya televisheni, mikono juu, mgongo kwa picha na uso kwetu. Hatukuona tena kitu isipokuwa yeye. Lakini sauti haikuzibika. "Huendi popote," nikasikika nyuma ya kanga. "Wafu huzikwa na waliopo."

Nilimwona mama wa genge amegeuza kichwa, ananitazama, na mkono wake mdomoni.

"Mama, kaa," nikasema. "Waache waone."

"Siyo yeye," mama akawaambia majirani zake. "Huyo humu ndani siyo. Wangu yule pale, kwenye mkeka."

Wote wakanigeukia. Mimi ambaye nalipwa kwa kuwa na nyuso, siku ile sikujua niweke upi. Nyuma ya kanga mkwe wangu alikuwa anamlilia mama yake, na mimi nilikuwa nacheka kile kicheko changu wanachokichukia Kinondoni nzima. Nilikaa hivyo hivyo, nikiwaacha waniangalie. Mama wa genge akasogea kwenye mkeka mpaka bega lake likagusa langu, akabaki hapo.

Mama hakukaa. Alisimama na kanga yake juu mpaka lilipoingia tangazo la sabuni, ndipo akaishusha, akajifunga, akaniuliza mbele ya watu wote kama nimekula.